Zulia hili lina umri gani?

Mwaka 2009 mama mmoja wa Ujerumani alipeleka zulia lake kwenye nyumba ya mnada katika mji wa Augsburg. Mthamini akalitazama, akaliandikia euro 900. Siku ya mnada wanunuzi wakavutana mpaka likafika euro 19,700. Aprili 2010 zulia hilohilo likapandishwa mnadani tena, safari hii London, kwa Christie's, na likaondoka kwa pauni milioni 6.2. Kumbe lilifumwa Kerman, Uajemi, katikati ya karne ya 17, na kabla ya Vita Kuu ya Pili lilikuwa mali ya Comtesse de Béhague, mwanamke tajiri wa Ufaransa aliyejulikana kwa ukusanyaji wake wa vitu vya sanaa.

Mama yule alikwenda mahakamani kumdai mthamini fidia. Mwaka 2012 mahakama ya Augsburg ikamkatalia. Nyumba ya mnada inayouza kila kitu, kuanzia vijiko hadi makabati, haiwezi kubebeshwa elimu ya bingwa wa mazulia ya Kiajemi.

Basi mtu anayekula mkate wake kwa kuthamini vitu vikuukuu alikuwa na zulia la zaidi ya miaka 350 mikononi mwake na hakulijua. Ukiingia duka la vitu vya kale pale Mji Mkongwe, Unguja, au Mji wa Kale, Mombasa, muuzaji akakukunjulia zulia jekundu na kukwambia, "Hili antiki, kaka, miaka mia na hamsini," swali la kujiuliza kwanza ni hili: yeye kajuaje?

Katika biashara ya mazulia kuna majina mawili yanayotupwatupwa ovyo. La kwanza ni antiki, yaani zulia la kale, na kwa desturi ya wafanyabiashara maana yake ni lililotimiza miaka 100 au zaidi. La pili ni vinteji, zulia la zamani tu, ambalo halijafika huko. Zulia la miaka 20 haliko mbali na upya, lakini wengine huanza kuhesabu vinteji hapo, wengine miaka 30, wengine 40. Kati ya 50 na 99 baadhi ya wauzaji wameweka daraja la tatu wanaloliita nusu-kale, daraja ambalo kwa maoni yangu lipo kwa ajili ya kupandisha bei zaidi ya kitu kingine chochote.

Vinteji haina sheria. Antiki inayo, na sheria yenyewe ni ya ushuru. Mfumo wa namba ambao forodha za karibu nchi zote duniani huutumia kupanga bidhaa una kichwa namba 97.06, vitu vya kale vyenye umri unaozidi miaka 100. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa juu ya namba hizohizo, kwa hiyo afisa wa forodha wa bandari ya Dar es Salaam ana mstari uleule alionao mwenzake wa Hamburg. Mwaka 2022 kichwa hicho kikagawanywa, na vitu vilivyozidi miaka 250 vikapewa namba yao peke yao.

Mstari huo haukushuka kutoka mbinguni. Marekani, katika sheria yake ya ushuru ya 1930, ilitumia mwaka wa 1830 kama mpaka wa samani na vyombo vya kale. Miaka ikaenda, mpaka ukabaki palepale, hata ikawa kiti cha 1835 kilichofikishwa bandarini New York mwaka 1960 bado ni kitu cha kawaida mbele ya sheria ingawa kilikuwa na miaka 125. Mwaka 1966 Bunge lao likaamua kuhesabu miaka 100 nyuma kutoka siku ya kuingiza. Kwetu, katika sheria za urithi, mipaka ni mingine kabisa. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakitambua kuwa ni cha kale kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Maneno hayo "au kuingizwa" yana uzito. Zulia la Uajemi lililoteremshwa Mombasa mwaka 1890 likakaa hapo hapo mpaka leo ni urithi wa Kenya. Mwenzake aliyefumwa siku hiyohiyo akaletwa na ndege mwaka jana ni mgeni tu, hata kama ni pacha wake.

Tarakimu hiyo ya miaka 100 ina tabia moja ambayo wauzaji hawaizungumzii sana: inatembea. Kila Januari kundi zima la mazulia linavuka mpaka bila kuongezwa fundo hata moja. Zulia la 1925 tayari limekuwa la kale. Alipokufa mfalme wa mwisho wa ukoo wa Qajar wa Uajemi mwaka 1930, mazulia yaliyofumwa katika utawala wake yalikuwa bado yananuka upya. Leo yote ni antiki.

Kwa hiyo anayetaka kuelewa zulia afadhali auache kwanza mstari wa forodha na kutafuta mstari mwingine, ule uliopita katikati ya kazi yenyewe. Upo, na unapita kati ya miaka ya 1860 na 1930. Ng'ambo moja kuna zulia ambalo sufu yake ilitoka kwa kondoo wa jirani, ikasokotwa kwa mkono, ikatiwa rangi kwenye pipa la mtu aliyeijua kazi yake. Ng'ambo ya pili kuna zulia lililoagizwa na dalali kwa vipimo na kwa rangi za mteja asiyepata kuiona Uajemi maisha yake yote. Mazulia yote mawili yanaweza kuwa mazuri, lakini hayakuzaliwa katika dunia moja.

Tuanze na rangi, maana ndiko mambo yalikogeukia. Nyekundu ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya mmea ambao Waajemi huuita ronas. Mizizi inachimbwa ikiwa na miaka kadhaa, inakaushwa, inasagwa. Buluu ilikuwa ya mnili. Njano ilitoka kwenye maua na majani ya porini, au maganda ya komamanga, na kijani kilipatikana kwa kuchovya uzi wa njano ndani ya nili. Mtia rangi hakupata mapipa mawili yanayofanana, kwa hiyo uwanja wa buluu wa zulia la namna hiyo una mistari inayofifia na kukolea kama maji ya bahari penye mwamba. Waajemi huita hali hiyo abrash. Mnunuzi mpya huiona kasoro, naye mzoefu huitafuta. Hudhurungi na nyeusi zilitiwa kwa maji ya chuma, na chuma hula sufu. Ndiyo maana katika zulia la kale utakuta sehemu za hudhurungi zimelika na kuwa chini ya nyingine, kana kwamba mtu alizichonga kwa makusudi.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini nyumbani kwao, dawa ile ile ya malaria ambayo Waingereza waliihitaji sana katika makoloni yao. Kwinini hakuipata. Alipata rangi ya zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Miaka mitatu baadaye ikafuata nyekundu-zambarau iliyoitwa fuksini, kisha mwaka 1869 wakemia wa Kijerumani wakaweza kuitengeneza kiwandani ile kemikali inayoipa ronas wekundu wake, na kufikia 1897 kampuni ya BASF ilikuwa ikiuza nili ya kiwandani. Rangi hizi zilifika Uajemi na Uturuki zikiwa unga ndani ya makopo. Zilikuwa rahisi na kali, na nyingi za mwanzo hazikuwa na adabu: zilichuja zikipata maji, zikafa zikipata jua. Serikali ya Nasir al-Din Shah, aliyetawala Uajemi mpaka alipouawa mwaka 1896, ilipiga marufuku kuziingiza. Marufuku haikufua dafu. Mfumaji maskini anayetumia siku nzima kuchemsha mizizi hawezi kumshinda mwenzake anayefungua kopo.

Kutokana na historia hiyo mnunuzi anapata kipimo kizuri kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Tenganisha nywele za zulia kwa vidole viwili mpaka uone fundo chini, kisha linganisha rangi ya shina na rangi ya ncha. Rangi za mimea hupungua polepole, na ncha hubaki ndugu wa shina. Ukikuta shina ni zambarau inayong'aa na ncha imekuwa kijivu, hiyo ni rangi ya kopo ya awali, na zulia haliwezi kuwa limetangulia miaka ya 1860 hata muuzaji aape. Na ukikuta rangi ni moja, kali, sawasawa kutoka juu hadi chini, hiyo inawezekana kuwa ni rangi ya kromu, kizazi imara kilichoenea karne ya 20. Hapo huenda unashika vinteji.

Soko nalo liligeuka. Mwaka 1883 kampuni ya Ziegler ya Manchester ilifungua ofisi katika mji wa Sultanabad, ambao leo unaitwa Arak. Waliona kwamba tabaka jipya la matajiri wa Ulaya linataka mazulia makubwa ya kutosha chumba cha kulia chakula, yenye maua mapana na rangi zisizopiga kelele, ilhali zulia la asili la Kiajemi lilikuwa refu na jembamba kwa sababu vyumba vya Kiajemi vilikuwa hivyo. Wakagawa michoro na sufu iliyotiwa rangi kwa wafumaji wa vijijini, wakakusanya mazulia yaliyokamilika. Kutoka hapo mchoro haukuwa tena wa kijiji. Huko Kashan wafumaji wakaanza kutumia sufu laini ya merino iliyosokotwa na mashine za Manchester. Zulia la namna hiyo la mwaka 1910 ni kazi ya kupendeza kweli, na ni antiki kwa kila hesabu, lakini uzi wake ulisafiri na meli mara mbili.

Kilele cha mchezo huu ni mazulia yaitwayo Sarouk za Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza waagizaji wa New York waliyachukua kwa wingi sana mazulia ya eneo hilohilo la Arak. Wateja wao walitaka mng'ao na rangi ya zabibu iliyoiva. Zulia lilifika likiwa la waridi, likaoshwa kwa kemikali ili ling'ae, na rangi ikafifia mno. Wakakaa watu na brashi, huko huko Marekani, wakaupaka uwanja wote rangi ya damu ya mzee, wakizunguka kila ua kwa mkono. Ukiligeuza zulia la aina hiyo utaona mgongo ni wa waridi na uso ni mwekundu mzito. Miaka ya 1920 wapenzi wa mazulia walizidharau Sarouk hizo, wakaziita bidhaa za kibiashara. Sasa za mwanzo zimetimiza miaka 100, nazo zinapewa heshima ya antiki katika orodha za minada. Mtu akikuuliza kwa nini siutukuzi mstari wa forodha, jibu langu liko hapo.

Mgongo wa zulia ndio cheti chake cha kuzaliwa. Usiulize lolote kabla hujaligeuza. Zulia lililofumwa kwa mkono lina mafundo ambayo hayalingani sawasawa, na matamvua yake ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, zinatoka ndani ya mwili wa zulia. La mashine matamvua yameshonewa mwishoni, yanaweza kufumuliwa bila zulia kujua. La kale ambalo limekanyagwa miaka mingi mafundo yake ya mgongoni yamelala na kung'aa kwa kusuguana na sakafu. Ukilikunja na kusikia sauti kavu ya kukatika, nyuzi za pamba ndani zimeoza, na hapo hata likiwa la kifalme huna zulia, una kumbukumbu ya zulia.

Wengi hukimbilia kuhesabu mafundo. Ni kweli kwamba wingi wa mafundo unaonyesha kazi. Zulia maarufu kuliko yote, la Ardabil, ambalo jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lililinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000 kwa ushauri wa msanii William Morris, lina mafundo takriban milioni 26. Mfumaji hodari hufunga mafundo kama 8,000 kwa siku, kwa hiyo mtu mmoja angehitaji karibu miaka tisa bila kupumzika hata Ijumaa. Lakini wingi wa mafundo hausemi lolote kuhusu umri. Zulia la hariri la Qom, Iran, la mwaka 1975 lina mafundo mengi kuliko zulia la wafugaji wa milima ya Kaukazi la 1870, na mkusanyaji mwenye macho anaweza kulipa zaidi kwa lile la wafugaji.

Ardabil ina somo jingine. Ina tarehe: mwaka 946 wa hijria, yaani 1539 au 1540, pamoja na jina la Maqsud Kashani aliyesimamia kazi. Tarehe ndani ya zulia ni zawadi kubwa, na hapa wasomaji wa pwani waliosoma chuoni wana nafasi ya kuwapita wanunuzi wengi wa Ulaya, kwa kuwa tarakimu za Kiarabu wanazisoma. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: chukua mwaka wa hijria, punguza asilimia tatu yake, ongeza 622. Chukua 1310. Punguza 39, bakia 1271, ongeza 622, unapata 1893. Zulia la kale, lipa pesa.

Usilipe bado. Iran ilianza kutumia kalenda ya jua rasmi mwaka 1925, na kalenda hiyo nayo huanzia hijra ya Mtume, lakini huhesabu miaka ya jua. Kwa kalenda hiyo 1310 ni kati ya Machi 1931 na Machi 1932. Tarakimu nne zilezile, tofauti ya karibu miaka 39. Zulia moja ni antiki tangu karne iliyopita, jingine ni vinteji mpaka leo. Kinachoamua ni vile vitu vingine: rangi, sufu, mchoro, mgongo. Na kuna hila ya zamani zaidi ya hapo. Tatu ya Kiarabu na mbili ya Kiarabu zinatofautiana kwa jino moja. Kung'oa mafundo machache na kufunga mengine kunageuza 1310 kuwa 1210, na zulia limezeeka karne nzima katika adhuhuri moja. Pitisha kidole mgongoni mwa tarehe. Fundo lililoongezwa baadaye huwa na uvimbe.

Halafu hiyo hiyo Ardabil, pamoja na tarehe na saini yake, si nzima. Yalikuwa mawili yanayofanana, yamechakaa. Kabla ya kuuzwa London, vipande vya moja vilitumika kulitengeneza jingine. Lile lililotolewa viraka, tajiri J. Paul Getty alilitoa zawadi kwa jumba la makumbusho la Los Angeles mwaka 1953. Maana yake hata mfalme wa mazulia ya kale ana viungo vya ndugu yake. Matengenezo si dhambi. Kuyaficha ndiko dhambi.

Uzee unaweza pia kupikwa. Kiangazi, huko Döşemealtı karibu na Antalya, Uturuki, mashamba hufunikwa mazulia kwa maelfu, yametandikwa chini ya jua kwa wiki nyingi, watu wakiyageuza na kuyalinda na mvua. Ukiona picha zake kutoka angani utadhani nchi imevaa kanga. Si utapeli. Wateja wa Ulaya na Marekani wanapenda rangi zilizotulia, na jua ni safi kuliko klorini. Mengine hunyolewa nywele mpaka mtande uonekane, yakapaushwa, yakachovywa rangi moja ya feruzi au waridi, yakauzwa kwa vyumba vya kisasa kama vinteji. Mengi ya hayo ni mazulia ya kweli ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo rangi zake kali zilikuwa zimekosa mnunuzi. Mimi binafsi yananisikitisha, lakini najua bila bwawa la rangi yangekuwa yamekwisha kuwa matandiko ya mbwa. Utapeli huanza pale muuzaji anapokwambia wekundu ule umefifishwa na nyayo za vizazi vitano.

Sasa turudi pwani kwetu, maana mazulia haya si hadithi za mbali. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, anaeleza vyumba vya nyumba kubwa za Unguja vikitandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini. Na biashara haikuwa ya masultani peke yao. Kila kaskazi majahazi ya Ghuba yalishuka na tende, chumvi, papa, masanduku ya njumu na mazulia, yakapanda na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Nahodha na mabaharia walikuwa na haki ya kubeba vitu vyao vichache vya kuuza, na zulia linakunjika, halivunjiki, haliozi upesi. Mpaka miaka ya 1960 mtu aliweza kununua zulia Mombasa kutoka chomboni moja kwa moja.

Hesabu basi. Zulia ambalo bibi alinunuliwa na babu mwaka 1955, likiwa jipya, lina miaka sabini hivi. Ni vinteji, tena vinteji yenye heshima. Si antiki. Familia nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja zina zulia la aina hiyo na zimelizeesha kwa mapenzi, kwa kuwa bibi mwenyewe alikuwa mzee. Yapo ya kale kweli, hasa katika nyumba zilizotangulia, lakini kwa kawaida hadithi ya familia huhesabu umri wa mwenye zulia na si wa zulia. Ukitaka kujua, uliza lilinunuliwa lini na kwa nani, kisha anza kuhesabu kutoka hapo, sio kutoka kwa babu wa babu.

Bei nayo haifuati umri kwa utii. Tarehe 5 Juni 2013 zulia moja la Kerman la karne ya 17, lililokuwa la William A. Clark, tajiri wa shaba wa Montana, liliuzwa na Sotheby's New York kwa dola milioni 33.8, ilhali makadirio yalikuwa milioni tano hadi saba. Hakuna zulia lililowahi kufika hapo kabla yake. Lakini mazulia ya Hamadan ya mwaka 1910, yaliyochoka, yasiyo na mchoro wa kutaja, ni antiki nayo na yanaweza kukosa mnunuzi pale ambapo zulia safi la Nain la 1970 linagombewa. Siasa pia inaingia. Marekani iliyafungia mlango mazulia ya Iran mwaka 1987, ikaufungua 2000, ikaufunga 2010, ikaufungua Januari 2016, ikaufunga tena Agosti 2018. Mfumaji wa Isfahan aliyeanza kazi akiwa msichana ameona soko lake likizimwa na kuwashwa kama taa. Na mazulia ya Afghanistan yenye vifaru, helikopta na bunduki za Kalashnikov, yaliyoanza kufumwa baada ya jeshi la Kisovieti kuingia nchini mwishoni mwa 1979, hayawezi kuwa antiki kabla ya mwaka 2080 kwa namna yoyote ile, lakini makumbusho yameanza kuyakusanya.

Ukiniuliza ununue lipi, nitakuuliza unataka kulifanyia nini. Lenye miaka 40 hadi 80, la sufu, lililofumwa kwa mkono, lenye nywele za kutosha, limekwisha kuonyesha kwamba rangi zake hazichuji na kwamba mafundo yake yanashika. Watoto watalichezea, wageni watalikanyaga, na litakuzika. La kale lina masharti. Jua la dirishani ni adui yake, mguu wa meza ni adui yake, na nondo ni adui yake mkubwa zaidi, maana huingia chini ya kabati palipo giza na kula sufu bila kusikika. Ndani ya hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu halitakiwi kukunjwa na kusahauliwa darini. Linaviringishwa kwenye shuka safi ya pamba, na kila baada ya miezi michache linakunjuliwa nje kivulini.

Kufua ndiko wengi wanakoua. Kabla ya maji yoyote, lowesha kitambaa cheupe, kiminye juu ya kila rangi kwa dakika moja, ukitazame. Kikishika wekundu, zulia hilo haliogeshwi nyumbani. Na siku hizi katika miji yetu imekuwa kawaida zulia kupelekwa kwenye kituo cha kuoshea magari, kijana akalimwagia sabuni ya unga na kulipiga bomba la maji ya nguvu lile lile linalong'oa tope kwenye matairi. Zulia lenye rangi za mimea likitoka hapo limepoteza miaka yake mia kwa nusu saa. Lile la mashine kutoka Gaziantep, la plastiki, uliloletewa Kariakoo au Eastleigh, lipeleke. Hilo halina neno.